Uso Alioniaga Nao Mama

Harufu ya majani ya mkoma yaliyolala ndani ya maji huwezi kuichanganya na nyingine. Ni kama nyasi mbichi iliyosahauliwa kwenye chai baridi, na kwa chini yake kuna udongo kidogo. Mwezi uliopita nilikuwa nikitoka Kitale kwenda kwetu Lodwar, tukasimama Kalemng'orok watu wapate chai. Kando ya kibanda alikaa mwanamke akisuka kikapu, beseni la majani liko miguuni pake, na upepo ukaniletea harufu ile. Chai ilikuwa ya maziwa ya mbuzi, tamu, lakini haikushuka. Mimi ni mtu mzima, nina watoto, nafundisha na watoto wa wenzangu, na nilisimama pale na kikombe mkononi nikiwa na hasira ya msichana wa darasa la tatu.

Nitawaeleza hasira hiyo ilitoka wapi. Ila naomba msinihimize kusamehe kabla sijamaliza, maana nimeshahimizwa vya kutosha.

Mama yangu alikuwa akisuka vikapu. Alianza asubuhi, kabla jua la Lodwar halijakasirika, amekaa juu ya ngozi ya ng'ombe mbele ya nyumba yetu karibu na mto Kawalase, miguu ameinyoosha, beseni la majani upande wa kulia na mimi upande wa kushoto. Mistari yake ilibanana kiasi kwamba ungeweza kukinga maziwa ndani ya kikapu yasivuje. Baba alikuwa na mbuzi wake upande wa Lokitaung. Alikuja mara chache, akaleta nyama kavu na maswali mengi kuhusu shule, halafu akarudi kwa mbuzi ambao, nadhani, hawakumjibu vibaya kama mimi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa yetu wawili, na mimi nilijihesabu kuwa mwenye mama.

Kicheko chake kilikuwa na pengo. Meno ya mbele ya chini aling'olewa akiwa mdogo, kama ilivyokuwa desturi kwetu Waturkana. Bibi alinieleza sababu: kuna ugonjwa unaofunga taya, mtu hawezi kufungua kinywa, na pengo lile ndilo mlango wa kupitishia maziwa ili mgonjwa asife njaa. Nililiona jambo hilo kuwa la akili sana. Nikasikitika kwamba mimi meno yangu yaliachwa, na kwa muda mrefu nililala nikiwa na wasiwasi wa taya.

Ugonjwa uliokuja kwetu haukuwa ule ulioandaliwa pengo. Ulianza na kope. Kope la kushoto la mama lilishuka adhuhuri, likabaki nusu, kama pazia lililokatika kamba upande mmoja. Asubuhi lilikuwa juu tena. Nilidhani ni usingizi. Baadaye la kulia nalo likafuata, na ikifika jioni mama alilazimika kuinua kidevu ili aone mtu aliyesimama mbele yake. Majirani wakasema Mama Akiru siku hizi anatutazama kwa pua.

Akiru ni mimi. Nilizaliwa siku ya mvua, na jina letu la mvua ndilo hilo.

Kisha akaanza kuona vitu viwili viwili. "Mbona umeleta vikombe viwili?" aliniuliza jioni moja, na mimi nilikuwa nimeleta kimoja. Nikadhani ananitania, nikaenda kuleta cha pili. Akavitazama, kisha akafunga jicho moja. Sauti yake ya jioni ilipitia puani na maneno yakaburuzika, lakini asubuhi aliongea wazi na kuimba. Sasa fikirieni: mwanamke ambaye asubuhi ni mzima, jioni macho yamelegea, ulimi mzito, anashika ukuta. Mtaa wetu haukuhitaji daktari kueleza jambo hilo. Walisema ni busaa.

Mama hakuwa akinywa. Alikuwa ameokoka, anaimba kwaya, na hata soda aliiona kuwa na majivuno. Nilipigana na msichana mmoja mtoni kwa sababu ya neno hilo, nikarudi na shavu lililochanika. Mama aliniosha kwa maji ya beseni yenye harufu ya mkoma, akaniambia nisipigane. Lakini nilijua alifurahi kwamba kuna mtu mmoja upande wake. Mkumbuke hilo tutakapofika mbele.

Vikapu navyo vilianza kusema. Mstari wa asubuhi ulibana, wa mchana ukalegea, wa jioni ulikuwa na nafasi za kupitisha kidole, halafu ukifuata wa asubuhi ya kesho yake unakuta umebana tena. Mzee aliyevichukua kuwauzia wageni kule Eliye Springs alivirudisha. Alikigeuza kimoja mikononi akasema, "Mama Akiru, hii kikapu ilisukwa na watu wawili. Huyu wa pili mwambie apumzike." Mama alicheka kwa heshima. Mzee alipoondoka alikifumua chote, polepole, na hakusuka tena siku hiyo.

Wakati wa kula, nyama ya mbuzi ilimshinda katikati ya tonge. Si kwamba hakutaka. Taya lilichoka likaning'inia, na alilisukuma juu kwa kiganja ili litafune. Sasa mnajua Mswahili anavyoogopa kushika tama, na kwetu Lodwar tumeuokota woga huo pamoja na lugha yenyewe. Mama mdogo Apua, ndugu yake mama aliyekuwa akiuza makaa Kakuma, alipokuja kutusalimia alimpiga mkono. "Toa mkono kwa shavu, dada. Unaita msiba kwa nyumba." Mama akautoa. Kinywa kikabaki wazi na nyama ndani. Mama mdogo aliangalia pembeni, nami nikajifanya natafuta chumvi.

Walijaribu walichokijua. Akina mama wa kanisa walimwekea mikono. Mama mdogo naye, bila kumwambia mchungaji, akamleta emuron, mganga wetu anayesoma matumbo ya mbuzi. Mbuzi akachinjwa, matumbo yakasomwa, ikaonekana kuna mtu mwenye wivu upande wa mashariki. Upande wa mashariki wa nyumba yetu alikaa bikizee kipofu. Mbuzi yule aliyekufa kwa ajili ya macho ya mama alikuwa na macho mazuri kabisa, na hilo lilinihuzunisha.

Halafu ikaja siku ya maziwa. Tulikuwa peke yetu, jua limeanza kupoa. Mama alikunywa kutoka kwenye kikombe na maziwa yakarudi yakatoka puani. Nilicheka, maana nilikuwa mtoto na ilionekana kama mchezo. Kisha nikaona anatafuta pumzi na haipati. Macho hayakuweza kufunguka sawasawa hata kwa hofu, na mikono yake ilipapasa hewani ikinitafuta. Nikampiga mgongoni kwa ngumi zangu zote mbili mpaka akakohoa. Tulikaa chini tumelowa maziwa. Aliniegemeza kifuani pake na niliusikia moyo wake. Nilijiona shujaa. Nilidhani baada ya siku ile hatutaachana kamwe.

Juma hilohilo mama mdogo Apua alirudi kutoka Kakuma, na safari hii hakukaa chini. Asubuhi mama aliniita. Uongo wake aliusema asubuhi, wakati ulimi wake ulikuwa mzima na kila neno lilitoka wazi. Hilo nimelifikiria sana maishani mwangu.

"Akiru, ikoku kang," aliniambia, yaani mwanangu, "utaenda Kakuma na mama mdogo. Ukasalimie tu. Jumapili si mbali, utarudi."

Nilimwona akifunga nguo zangu zote ndani ya leso. Alitia na sare ya shule. Nikamuuliza sare ya nini kwa mtu anayekwenda kusalimia. Alisema, "Kakuma vumbi ni mingi. Utabadilisha." Nikakubali. Mtoto humwamini mama yake hata pale macho yake mwenyewe yanapomwambia vingine, na mimi nilikuwa nimeshapigana kwa ajili ya neno lake.

Gari lilichelewa kujaa, likaondoka alasiri. Lilikuwa pikapu ya vitunguu, nasi tulikaa juu ya magunia. Mama alikuwa amesimama tangu mchana kando ya ukuta wa duka, mkono chini ya kidevu. Injini ilipowaka nilisimama nikampungia, nikangoja kicheko chake chenye pengo. Kwa sababu kama ni kusalimia tu, kama Jumapili nitarudi, kwa nini asicheke?

Alinitazama. Mdomo wa juu ukainuka katikati, pembe za kinywa zikabaki chini, meno ya juu yakatokeza, na macho hayakushiriki kabisa. Mbwa wetu alifanya uso kama huo mtu akikaribia mfupa wake. Kisha mama akageukia ukuta, akanipa mgongo, na hakugeuka tena hata vumbi lilipotufunika.

Nilikaa juu ya magunia. Nilijiambia: ananicheka. Amefurahi naondoka, na ameshindwa hata kungoja gari lifike mbali ndipo aonyeshe.

Kakuma nyumba ya mama mdogo ilikuwa upande wa mji, ng'ambo kidogo ya kambi ya wakimbizi, na Jumapili upepo ulituletea ngoma za makanisa ya Wasudani Kusini. Zilianza mapema, nzito, na sauti za wanawake juu yake. Jumapili ya kwanza nilioga, nikavaa sare kwa kuwa ndiyo nguo yangu nzuri, nikakaa mlangoni. Ngoma zikapigwa mpaka zikakoma. Mama mdogo akapita na gunia la makaa.

"Leo gari hakuna," alisema. "Jumapili ile ingine."

Jumapili ile nyingine nilivaa tena. Na ile iliyofuata pia. Siku hizo nilikuwa na rafiki mmoja, mkimbizi aliyeitwa Mama Deng, mteja wa makaa. Alikuwa mrefu hata akikaa juu ya gunia alinizidi mimi nikiwa nimesimama. Alinikuta mlangoni na sare yangu na machozi yangu. "Mata abki, biniya," alisema kwa Kiarabu cha Juba, usilie, msichana. Akanipa siagi ya karanga kwenye kidole chake. Kisha akaongeza kwa Kiswahili chake: "Mimi pia waliniambia tunaenda siku kidogo tu. Mimi pia nilibeba nguo yote, sikuuliza."

Sijui kama alitaka kunifariji. Nilifarijika vibaya.

Jibu lenyewe nililipata mchana mmoja nikiwa nyuma ya nyumba, nimeinama nikiokota vipande vya makaa. Wao wawili walikuwa upande wa pili wa ukuta wa makuti.

"Huyu mtoto unarudisha lini kwa mama yake?" Mama Deng aliuliza.

"Nirudishe wapi? Ni mama yake alisema nichukue yeye. Alisema hata akilia nisirudishe."

"Na mtoto anajua?"

"Mtoto anajua nini," alisema mama mdogo.

Mtoto alijua sasa. Nilibaki na kipande cha makaa mkononi, nikakibana mpaka kikavunjika. Si kwamba gari lilikosekana, si kwamba Jumapili zilipotea njiani. Nilikuwa nimetupwa, na aliyenitupa alinionyesha meno. Tangu siku hiyo sikuvaa sare Jumapili. Nilivaa Jumatatu, nikaenda nayo shule ya Kakuma, maana kumbe ndiyo kazi iliyofungiwa. Nilijifunza kusalimia kwa lugha za kila jirani, na nilipoulizwa mama yangu yuko wapi, nilisema mama yangu ni huyu anayeuza makaa.

Yaliyotokea Lodwar nyuma yangu niliyajua baadaye sana, vipande vipande. Mama alibebwa hospitali siku aliyoshindwa hata kumeza mate. Daktari mmoja kijana alimwambia atazame dari asishushe macho, na kope zake zikashuka zenyewe mbele yake, taratibu, bila mama kutaka. Daktari akaomba barafu. Barafu ya Lodwar siku hizo ilipatikana kwa wauza samaki wa ziwani, basi ikaletwa kwenye karatasi ikiwa na magamba. Akaifunga kwa kitambaa, akaiweka juu ya jicho moja, wakangoja. Alipoitoa, jicho lile lilikuwa wazi na lingine limefunga. Mama husimulia jambo hilo kwa majivuno, kwamba sangara walimfungua jicho kabla ya dawa. Kutoka hapo akapelekwa Eldoret, akalazwa, akapewa vidonge, akapasuliwa kifua kutolewa kitu ambacho hata leo anakiita kinyama.

Zaidi ya mwaka ulipita. Kisha akaja Kakuma kunichukua, na alikuja Jumatano. Mpaka leo naona angengoja Jumapili, kwa heshima tu.

Alikuwa amenenepa uso kwa dawa, mashavu ya mviringo kama ya mtoto aliyeshiba. Alisimama mlangoni na macho yake yote mawili yakiwa wazi, na akacheka. Kicheko kizima, pembe juu, pengo lake mahali pake. Mngedhani hilo lingeniyeyusha. Liliniua kabisa. Kumbe anaweza kucheka vizuri anapotaka! Basi siku ile hakutaka. Nilimpa mkono kama mgeni.

"Ejoka," nilimsalimia.

"Ejok," alijibu, na mkono wangu akaushika muda mrefu kuliko nilivyompa.

Hakuna aliyenieleza kitu. Mama mdogo alisema mama yako alikuwa anaumwa, sasa amepona, shukuru Mungu. Yaliishia hapo. Wahenga husema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu kifo kilishindwa kumuumbua mama, nami ndiye niliyebaki nimeumbuka, nikiwa na kitu kifuani ambacho sikuwa na jina lake. Tulirudi Lodwar. Nilipika, nilichota maji, nilimwita Mama. Alisuka, na mistari yake ilibana tena asubuhi hadi jioni mradi amemeza vidonge kwa saa zake. Majirani wakasahau busaa. Nilipomaliza shule nilikwenda Kitale kusomea ualimu, nikaolewa hukohuko, na nilikuja nyumbani sikukuu nikiwa na sukari na majani ya chai. Mtu asingeniona na kosa. Ila sikuwahi kukaa tena kwenye ngozi ile, upande wake wa kushoto.

Ndivyo tulivyoishi mpaka mwaka jana, mama mdogo Apua alipopatwa na goti akashindwa kumsindikiza mama kliniki ya Eldoret. Nikaombwa mimi. Daktari alikuwa ametuma neno kwamba asimeze vidonge vya asubuhi, ili aone jinsi ugonjwa ulivyo bila kizuizi. Tulikaa uani pamoja na wagonjwa wengine na jamaa zao, na muuguzi mmoja mwenye sauti ya mwalimu akasimama kutuelimisha.

Alisema mwilini mna askari, kazi yao kupambana na maradhi yanayotoka nje. Kwa baadhi ya watu askari hao hukosea, wakamshambulia mwenye nyumba. Kuna wanaoshambulia viungo, wengine ngozi, wengine mishipa ya fahamu yenyewe, mtu akapata ganzi au giza la jicho. Kwa wagonjwa kama mama hushambulia mahali ambapo neva hupokezana habari na msuli. Neva inaita, msuli hausikii. Ukipumzika unasikia kidogo, ukitumika unaziba tena. Ndiyo maana asubuhi mtu ni mzima na jioni hayuko. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, na wazee wakaitikia. Kisha akataja dalili: kope, kuona viwili, sauti ya puani, taya, shingo, kumeza, miguu kwenye ngazi. Akasema mtu akianza kukosa pumzi asisubiri maombi yaishe, akimbizwe hospitali. Nilikuwa nikitikisa kichwa kama mwanafunzi mwema. Kila dalili niliijua kwa sura. Nilimwona mama na kikombe, na mkono chini ya shavu. Naye kando yangu alitazama mbele, kidevu juu.

Foleni ilikuwa ndefu na alasiri ikaingia. Nikatoka kutafuta chai na mandazi, nikakawia. Niliporudi alikuwa ameegemea ukuta, mkono chini ya kidevu, kope zimeshuka, anachungulia lango kwa ule upenyo uliobaki. Akaniona. Mdomo wake wa juu ukainuka katikati. Pembe za kinywa zikabaki chini, meno ya juu yakatokeza, na macho hayakushiriki.

Chai ilinimwagikia mkononi wala sikusikia moto wake.

"Mama," nilisema nilipofika. "Unacheka nini?"

"Nimefurahi," alisema kwa sauti ya puani. "Nilidhani umepotea huko nje."

Nikakaa. Sikuweza kumtazama. Niliutazama ukuta, nikamwambia kwamba uso huu niliuona siku moja, nikiwa juu ya magunia ya vitunguu.

"Nilijua uliona vibaya," alisema. "Nilitaka kukuchekea, uso ikakataa. Nikasikia inakataa. Ndiyo nikageuka, usione tena."

"Ungeniambia."

"Ulikuwa mtoto."

"Na nilipokuwa mkubwa?"

"Ulikuwa na hasira. Nikaogopa wewe." Akashika taya lake ili amalizie. "Siku ile ya maziwa, ulikuwa peke yako na mimi. Niliona nitakufa mbele yako, na wewe unanipiga mgongo. Nikasema hapana, mtoto huyu aende."

Jina lake likaitwa, nikamwinua, tukaingia ndani.

Nimeyageuza maneno hayo mara nyingi. Mtoto yule juu ya magunia aliona sawasawa kila kitu, ila hakujua kwamba uso wa mtu unaweza kumsaliti mwenyewe. Mama alinichekea, kicheko kikafika kwangu kimegeuka, na mimi nikaishi na kicheko hicho miaka yote hiyo. Uso ule nimeshaurudishia haki yake. Kilichobaki ni ile asubuhi, ulimi mzima, sare inakunjwa, na neno Jumapili limetamkwa wazi. Askari wa mwili wake walimsaliti mama, na mama akanisaliti mimi, na wote walidhani wanalinda nyumba. Naelewa. Kuelewa hakujaondoa maumivu, na sitawadanganya kwamba kumeyaondoa.

Mwezi uliopita, kutoka Kalemng'orok, nilifika Lodwar alasiri. Mama alikuwa kwenye ngozi yake mbele ya nyumba, amechelewa kumeza kidonge. Akaniinulia mdomo wa juu, nami nikajua nimekaribishwa. Nikaweka mzigo chini, nikakaa upande wake wa kushoto, karibu na beseni.

"Utakaa mpaka lini?" aliuliza.

"Jumapili," nilisema.

Mikono yake ikasimama juu ya kikapu. Nilikaa naye siku zote hizo, na Jumapili ilipofika niliondoka, kama nilivyosema.